Mama wa vikao, nyumbani kabaki nani?

Wiki hii naomba niongee na akina mama wa Kikristo, hasa sisi vijana tulioolewa juzi juzi na tayari tuna watoto wawili watatu. Wengine msifunge gazeti, yatawahusu.

Hebu tupige hesabu ya wiki ya mama mmoja wa hapa Dar es Salaam. Mnamjua, yupo kila mtaa, kuanzia Tabata mpaka Kimara. Jumatatu hadi Ijumaa yuko kazini. Jumanne na Alhamisi jioni, mazoezi ya kwaya. Jumatano, maombi. Jumamosi asubuhi, jumuiya, mchana, kicheni pati, usiku, harusi. Jumapili baada ya ibada, kikao cha kamati ya harusi nyingine. Hapo hatujagusa msiba, upatu wala saluni.

Sasa jamani, huyu mama anaonana na wanawe saa ngapi? Asubuhi anawaacha wamelala, usiku anawakuta wamelala. Anayejua kuwa mtoto ana homa ni dada wa kazi. Anayejua daftari la hesabu limejaa ni huyo huyo dada.

Nina jirani yangu mmoja, mwanawe akianguka anamkimbilia dada, mama mtu akiwa amekaa pale pale. Siku moja mama akacheka mbele yetu, lakini mie nilimtazama machoni. Hakikuwa kicheko kile.

Tena huyo dada naye ni mtoto wa watu, mara nyingi binti mdogo. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Lakini hata akiwa na miaka 18, kumtwisha malezi ya nyumba nzima si haki.

Naomba nieleweke. Sisemi mtu aache kanisa. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, ni za majirani kusali na kusaidiana. Ni jambo jema. Ila si kila jambo jema ni la kwako wewe.

Mnamkumbuka Martha katika Injili ya Luka, sura ya 10? Hakuwa akifanya uovu. Alikuwa akimhudumia Bwana, lakini shughuli zilimzidi mpaka akaanza kumlalamikia mgeni mwenyewe! Hata Musa, katika Kutoka sura ya 18, mkwewe Yethro alimkuta akisikiliza kesi za watu kutwa nzima, akamshauri awagawie wengine. Kama Musa aligawa, wewe ni nani?

Kule Uingereza alikuwepo Susanna Wesley, mama yao John na Charles, waliokuja kuanzisha Umethodisti. Alizaa watoto 19, wakakua 10. Mashine ya kufulia hana, fedha ya shida. Lakini kwenye barua ya mwaka 1712 alieleza kuwa alitenga jioni za kuongea na watoto waliokuwa nyumbani, wengi wao mmoja mmoja. Ya John ilikuwa Alhamisi. Alipokuwa mtu mzima, John alimwandikia mama yake akiikumbuka ile Alhamisi. Hakukumbuka nguo wala pilau, alikumbuka jioni.

Mie na mwenzangu tuna taratibu zetu tangu mtoto wa pili azaliwe. Kanisani nina huduma moja tu. Kamati ya harusi naingia ya ndugu wa damu. Wengine nawatumia mchango kwa simu, na fungu la mwezi likiisha limeisha, ada haiguswi. Maharage nachemsha ya siku tatu. Sare zinafuliwa Ijumaa, si Jumapili usiku. Mgeni akija anakula tulichopika. Jumatano baba ndiye anaogesha watoto, na hajapungua uanaume hata kidogo. Kabla ya kula tunazima televisheni, tunasali dakika 10. Na kila mtoto ana jioni yake.

Walisema naringa. Wamesema wee, wamechoka.

Na nyie wachumba mnaosambaza kadi za michango, mkialikwa kikao cha sita kwa ajili ya rangi ya mapambo, fikirini pia nyumba mnayokwenda kuijenga.

Mama mwenzangu, wakikuomba uingie kamati nyingine, usijibu papo hapo. Angalia kwanza jioni hiyo ni ya mtoto gani. Harusi itafana hata usipokuwepo kikaoni. Utoto wa mwanao hauna kikao cha marudio.

Kwa leo inatosha. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.