Jicho la Mtoto: Lipi Lisubiri, Lipi Likimbizwe?

Nyumbani kwenu kuna mtoto mchanga? Huenda ni wako, ni wa dada yako, au ni mdogo wako wa mwisho ambaye wewe ndiye unayebaki naye mama akienda sokoni. Basi makala haya ni yako. Mtoto wa wiki mbili hawezi kusema "sioni". Hata wa miaka mitatu hasemi, maana hajui kwamba wenzake wanaona kuliko yeye. Anayemwogesha na kumbeba ndiye anayegundua kwanza.

Tuanze na tongotongo. Mtoto anaamka kope zimegandana, na jicho moja linachuruzika machozi hata kama halii. Ukitazama, sehemu nyeupe ya jicho ni safi, kope hazijavimba, na mtoto anacheza kama kawaida. Mara nyingi hapo ni kijia cha machozi, kile kinachotoka jichoni kwenda puani, ambacho hakijafunguka. Kwa watoto wengi hufunguka chenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Safisha kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake, na unawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Siku ya kliniki mwombe nesi akuonyeshe namna ya kukanda taratibu kwenye kona ya jicho karibu na pua. Hili laweza kusubiri kliniki.

Sasa sikiliza lisilosubiri. Mtoto hajafikisha mwezi, kope zimevimba, macho ni mekundu, na ukifungua kope usaha unatoka. Huyo anapelekwa leo hii. Kama ni usiku, nendeni usiku. Inawezekana ni vijidudu vya kisonono au klamidia alivyovipata wakati anazaliwa. Kisonono huonekana zaidi kati ya siku ya 2 na ya 5, klamidia hukawia kidogo. Kisonono kinaweza kutoboa kioo cha jicho katika muda mfupi sana, na mtoto akabaki kipofu maisha yake yote kwa ugonjwa ambao dawa yake ipo.

Hapa ndipo aibu inapoingia. Mama kijana anawaza, "Nikienda wataniuliza maswali, watasema mimi malaya." Dada, mwanamke anaweza kukaa na kisonono au klamidia miezi mingi bila dalili yoyote. Ugonjwa hausemi nani kamkosea nani. Nesi atakutaka wewe na baba wa mtoto mtibiwe pamoja, la sivyo mtaambukizana tena. Na wewe kaka, uliyewahi kukojoa kwa maumivu ukanunua vidonge viwili vitatu dukani ukanyamaza, suala hili la jicho la mtoto linakuhusu pia.

Kinga ya tatizo hili ni ya zamani. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Carl Credé wa Leipzig, alieleza jinsi alivyowadondoshea watoto dawa machoni mara tu walipozaliwa. Kabla ya hapo, karibu mtoto 1 kati ya 10 wa wodi yake alipata ugonjwa huu. Baadaye ukabaki kwa wachache sana. Siku hizi hutumika zaidi dawa ya kupaka ya tetracycline. Ukijifungua uliza, "Mwanangu amepakwa dawa ya macho?" Kuuliza si ujeuri.

Kuna jambo lingine linanikera, nalo ni vitu watu wanavyomtia mtoto machoni: maziwa ya mama, maji ya majani, mkojo, au dawa ya matone iliyobaki alipougua mjomba. Bibi anaposhauri hivyo hana nia mbaya, na yapo mengi ya kujifunza kwake, lakini hili mkatalie kwa heshima. Vitu hivyo huleta vijidudu vipya, vingine huunguza, na kubwa zaidi vinakula siku ambazo jicho halina.

Tuje kwenye mboni, ile duara nyeusi ya katikati. Ukiiona ni nyeupe au ya kijivu, usikubali kuambiwa itaisha akikua. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ugonjwa tuliozoea kuuona kwa wazee, kumbe wapo wanaozaliwa nao, wengine kwa sababu mama alipata rubela mimba ikiwa changa. Upasuaji hufanyika mapema, maana ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo. Ukichelewa, jicho litasafishwa lakini ubongo hautajua kulitumia.

Pia inaweza kuwa kansa ya jicho. Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Mara nyingi dalili ya kwanza huonekana kwenye picha: mmepiga kwa flashi, jicho moja limetoa wekundu wa kawaida, la pili linang'aa weupe. Picha moja peke yake si uthibitisho, lakini ni sababu tosha ya kwenda. Ikiwahiwa, watoto wengi hupona. Wakati mwingine daktari husema jicho litolewe ili uhai ubaki, na wapo wazazi wanaomchukua mtoto na kutoroka wodini. Wanarudi baada ya miezi, kansa ikiwa imeshafika kichwani. Mtoto mwenye jicho moja anasoma, anacheza mpira, anaoa.

Makengeza ya kuja na kuondoka kwa mtoto wa miezi miwili yasikutishe. Yakiendelea baada ya miezi minne, apimwe. Mtoto anayejikwaa giza likiingia huenda amepungukiwa vitamini A. Mpeleke kituoni, hasa kama ametoka kuugua surua, na nyumbani ale mchicha, papai, embe na maini.

Ukifika kwenye foleni usiseme tu "macho yanamsumbua", utaambiwa subiri. Sema, "Ana siku tano, anatoka usaha," au "Mboni yake ni nyeupe." Kama zahanati haina mtaalamu, omba karatasi ya rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa macho, kama KCMC Moshi, Muhimbili au Kikuyu kule Kenya, na uondoke nayo siku hiyohiyo.