Bumu la Ufukwe: Kwa Nini Kunduchi Inaliwa

Konda akiita "Africana!" pale Barabara ya Bagamoyo, wengi wetu tunajua ni kituo tu. Kumbe jina limetokana na hoteli ya watalii iliyokuwa ufukweni. Leo haipo: bahari iliila ardhi yake mpaka majengo yakabomoka. Kituo kimebaki, hoteli imeliwa.

Ukitaka kuelewa, fikiria ufukwe kama akaunti yako ya benki. Mchanga ndiyo pesa. Bumu linaletwa na mito kama Mbezi na Tegeta wakati wa mvua. Matumizi ni mawimbi: kusi inausukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi inarudisha sehemu yake tu. Bumu likiingia kwa wakati, hakuna shida. Likikatika, unakula akiba mpaka sifuri.

Sasa nani kalikata? Jamani, tusitafute mchawi mbali. Mchanga unachimbwa mitoni, unapakiwa kwenye malori, unajenga nyumba za jiji hili, pamoja na hosteli tunazopanga. Mchanga uliogeuka tofali haufiki baharini. Ongeza uvuvi wa mabomu uliovunja matumbawe, ambayo ndiyo hupunguza nguvu ya mawimbi, na ukataji wa mikoko.

Wenye hoteli wakajibu kwa kujenga kuta za mawe zinazoingia majini. Zinasaidia, ila kwa kumnyima jirani: mchanga unaopita unanaswa upande wa kusini, wa kaskazini analiwa. Naye akijenga wake, shida inahamia kwa anayefuata, mwisho inamfikia mvuvi asiye na hela ya ukuta.

Njia nyingine ni kumwaga mchanga mpya. Waikiki, huko Hawaii, walivuta mchanga kutoka chini ya bahari ya karibu mwaka 2012. Mwaka 2021 wakarudia. Si kwamba njia ni mbaya. Ni sawa na kukopa kwa rafiki: unapumua kidogo, lakini kama bumu bado limekatika, utarudi kukopa tena.

Kwa hiyo kurejesha ufukwe kunaanzia mtoni, siyo ufukweni. Mito iachwe ilete mchanga, mikoko ipandwe panapoota mikoko, matumbawe yalindwe. Na tusijenge mdomoni mwa bahari: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampasi yake hapo hapo Kunduchi, na wataalamu wa bahari wapo. Kinachokosekana ni sisi kuuliza. Serikali ya wanafunzi inaweza kuanza na swali moja kila jengo jipya linapoinuka chuoni: mchanga huu umetoka mto gani, na kwa kibali cha nani? Tusipouliza, siku moja konda ataita "Kunduchi Beach!" na hilo nalo litakuwa jina la kituo tu.