Motokari Inayokataa Leo na Kukubali Kesho

Hakuna ugonjwa wa motokari unaomsumbua mwenyewe kuliko ule unaokuja na kuondoka. Motokari iliyokufa kabisa haina hila: fundi huifungua, huona kilichovunjika, hukitengeneza. Lakini ile ya miaka 20 au 30, ambayo asubuhi inawaka nyumbani, saa sita inakataa sokoni, kisha inawaka tena mara tu fundi anapofika na vyombo vyake, hiyo humla mwenyewe fedha kidogo kidogo.

Mtazameni baba wa jamaa anayelisha watoto kwa kuchukua abiria. Mshauri wa kwanza humwambia anunue batri. Anainunua, na kwa juma moja mambo ni mazuri, kwa sababu batri mpya husukuma umeme kwa nguvu hata penye kizuizi. Kisha ugonjwa unarudi. Wa pili humwambia abadili stata yote. Fedha za shule zimekwenda dukani, na pengine ubaya wote ulikuwa katika waya mmoja.

Ugonjwa wa namna hii sharti ushikwe saa ileile unapotokea. Ndiyo maana shahidi wa kwanza ni dereva, wala si fundi. Aandike katika daftari: saa ngapi, injini ilikuwa ya moto au baridi, mvua ilinyesha au la, na hasa sauti gani ilisikika alipogeuza ufunguo.

Sauti husema mengi. Ikisikika ta-ta-ta-ta ya haraka, na taa zikififia, batri haina nguvu au vibanio vyake vimelegea ama vimeota kutu. Ikisikika «tak» moja tu na taa zikabaki angavu, tafuta katika stata au nyaya zake nene. Pasipo sauti yoyote, umeme mdogo wa kuiamuru stata haukufika: yachunguzwe swichi ya ufunguo, relei, na katika motokari ya gia za otomatiki, swichi ya mkono wa gia. Motokari kama hiyo ikikataa katika P na kuwaka katika N, imekwisha jitaja yenyewe. Nayo injini inayozungushwa vizuri bila kushika moto ina shida nyingine, ya cheche au ya mafuta. Hapo stata isiguswe.

Wengi huuliza: mbona taa zinawaka vizuri, na stata haina nguvu? Wanafunzi waliojifunza umeme wafanye hesabu. Taa moja ya mbele hutumia karibu ampea 5. Stata ya motokari ndogo hutaka 100 hata 200. Kutu kwenye kibanio ikileta ukinzani wa omu 0.02 tu, taa hupoteza volti 0.1, na hakuna atakayeona tofauti. Lakini stata ikivuta ampea 150, volti 3 hupotea njiani.

Kwa hiyo kipimo kidogo cha volti kina faida kuliko kubahatisha. Kwanza gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na moto uwe mbali na batri, maana hutoa hewa inayolipuka. Batri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6; ikiwa 12.2, imebaki nusu. Halafu mtu wa pili ageuze ufunguo, nawe upime kati ya kichwa chenyewe cha batri cha upande hasi na chuma cha injini. Stata ikizunguka na kipimo kikapita volti 0.5, waya wa kwenda kwenye injini ni mbaya, au umefungwa juu ya kutu. Upande chanya hupimwa vivyo hivyo, hadi parafujo nene ya stata inayopokea waya wa batri. Waya huu wa injini husahauliwa mno, nao ni wa bei ndogo.

Nyaya zikiwa nzima na «tak» ikiendelea, tuingie ndani ya stata. Motokari nyingi za Toyota za miaka ya 1990 zina stata ya Denso yenye vipande viwili vya shaba na kisahani kinachovigusa ili umeme upite. Kila kuwasha huunguza shaba kidogo. Kipande kimoja kikiisha kuliko kingine, kisahani hugusa upande mmoja tu. Na kwa kuwa hujizungusha kidogo kidogo, mara hii hugusa, mara ijayo hakigusi. Hapo ndipo dereva hugeuza ufunguo mara tano bure, na ya sita injini inawaka.

Weka kipimo kati ya parafujo mbili nene za stata. «Tak» ikisikika na volti karibu 12 zikabaki hapo, shaba hazikugusana. Kikishuka karibu na 0 bila stata kuzunguka, ubaya uko katika mota yake.

Vipande hivyo vya shaba huuzwa peke yake, kwa bei ndogo sana kuliko stata nzima. Fundi afungue kwanza waya hasi wa batri, na akimaliza aonyeshe vilivyotolewa: kilichokwisha huwa kimeliwa upande mmoja, chembamba kama ukucha.