Kukata Hisa Si Kugawa Madaraka

Akiba ya askari ni jasho la miaka mingi. Kwa hiyo askari na polisi walioko Gitega, au wanaolinda mpaka wa Kobero upande wa Muyinga, wanapoambiwa kwamba hisa za kampuni fulani zimekatwa na sasa bei yake ni nafuu, hawana budi kwanza kuelewa maana ya jambo hilo.

Kukata hisa ni kuigawa kila hisa moja katika hisa kadhaa ndogo. Mwaka 2007, benki ya KCB ya Kenya, ambayo ilifungua tawi lake nchini Burundi mwaka 2012, iliikata kila hisa kuwa kumi. Benki ya Equity ilifanya vivyo hivyo mwaka 2009. Mwenye hisa 100 akawa na hisa 1,000, lakini bei ya kila moja ilishuka kwa kiasi hicho hicho. Noti ya faranga 10,000 ikivunjwa kuwa noti kumi za faranga 1,000, mwenyewe hakutajirika.

Faida ipo. Mtu wa kipato kidogo aliyeshindwa kununua hisa moja ya bei kubwa sasa anaweza kuingia. Lakini madaraka hayahami. Katika ushirika wa akiba na mikopo kila mwanachama ana kura moja. Katika kampuni kura huhesabiwa kwa hisa. Chukua mfano wa Brarudi, yenye kiwanda cha bia mjini Gitega, ambamo kwa miaka mingi Heineken ya Uholanzi imekuwa na zaidi ya nusu ya hisa. Hata kama kila hisa ingekatwa mara kumi, aliye na nusu na ziada angebaki nayo. Tena, wanahisa wadogo wakiwa wengi, waliotawanyika na wasiohudhuria mkutano mkuu, sauti ya mkubwa huzidi kusikika.

Hatari yenyewe iko kwingine. Ya kwanza ni hisa zisizo na kura. Mwaka 2014 kampuni ya Google ya Marekani iliwapa wanahisa hisa mpya moja kwa kila moja waliyokuwa nayo, lakini hiyo mpya haikuwa na kura. Waasisi wake, Larry Page na Sergey Brin, wakaendelea kushika usukani.

Ya pili ni hisa mpya zinazouzwa ili kuongeza mtaji. Hapo asiyelipia fungu lake hupungukiwa. KCB iliuza hisa za namna hiyo mwaka 2008 na 2010. Serikali ya Kenya, mwanahisa mkubwa, haikununua fungu lake lote, na sehemu yake ikashuka kutoka kama robo hadi chini ya asilimia 20. Ikiwa serikali hupungukiwa, sembuse koplo?

Ya tatu ni siri. Mkuu wa kampuni anayenunua hisa kimyakimya kabla ya tangazo huwapunja wasiojua, na sheria ya Kenya huhesabu tendo hilo kuwa kosa la jinai.

Basi kabla ya kutoa fedha, askari na aulize mambo matatu: hisa hii ina kura? Nani ana nyingi zaidi? Je, hisa mpya zitauzwa kesho? Mlinzi mwema hahesabu milango tu. Hutaka kujua funguo ziko mikononi mwa nani.