Fahamu: Masomo ya mama na jeni za mtoto

Bagira, Bukavu, mashariki mwa Kongo: mtoto mchanga ananing'inia kwenye mizani, mama amekazia macho mshale. Uzito ule una historia. Mwaka 2012, timu ya mtafiti Connie Mulligan ilichapisha matokeo ya kina mama 25 wa mashariki mwa Kongo na watoto wao: dhiki ya vita wakati wa mimba iliendana na uzito mdogo, na alama nyingi zaidi za kemikali kwenye jeni NR3C1 ya watoto hao, inayosaidia mwili kukabili msongo. Jeni yenyewe haibadiliki, ila alama hizo huweza kuififisha.

Kwingineko, alama za aina hiyo kwenye jeni za watoto zimeonekana kutofautiana pia kulingana na elimu ya mama, huenda kupitia lishe na moshi wa sigara. Hata hivyo, kumlaumu mama aliyekatiziwa shule na risasi ni kumwonea.