Mikono Ndani ya Mchele

Mama wa Mpanda anayepeta mchele uani, akimwona mwanawe wa mwaka mmoja na nusu akitumbukiza mikono ungoni, aghalabu humwondoa kwa kuhofu atamwaga chakula, wala hofu hiyo haina lawama, kwani mpunga wa Mpimbwe haupatikani bila jasho. Lakini laiti angalimtengea konzi moja katika sinia, angalikuwa amempa darasa lake la kwanza. Maana mtoto huipata dunia kwa milango ya fahamu kabla ya kuipata kwa maneno, na katika miaka ya mwanzo neva za ubongo wake huungana kwa kasi isiyopata kurudi tena umrini mwake.

Maria Montessori, tabibu wa Kitaliana aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliisimamisha elimu yake juu ya msingi huo, akitumia vitambaa laini na vya kukwaruza, vitu vizito na vyepesi, na vibweta vyenye sauti mbalimbali. Sisi wa Katavi tuna magunzi, pumba za mpunga, udongo wa kufinyanga, mchanga wa ufuo wa Karema, na nta ya Inyonga yenye harufu isiyosahaulika. Kinachopungua aghalabu ni mtu mzima wa kuketi karibu na kusema, kwa Kibende, Kipimbwe, Kisukuma au Kiswahili, hiki kizito, hiki chepesi. Na kwa hakika programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa ajili ya watoto hadi miaka minane, imeyaweka malezi yenye mwitikio sawasawa na lishe na afya.

Tahadhari ni wajibu. Udongo wa machimbo ya dhahabu, palipooshwa mawe kwa zebaki, ni sumu kwa ubongo wa mtoto, karanga humkaba, asali asionjeshwe aliye chini ya mwaka mmoja, na karai la maji, hata yawe haba, asiachwe nalo peke yake.

Fauka ya hayo, mzazi aliyezoea kucheza na mwanawe huyabaini mapema yaliyofichika: mtoto asiyegeuka akisikia kayamba, au asiyefuata kwa macho kitambaa chekundu, na apelekwe kliniki upesi, asingojee kuanza shule.