NANI ATALIPA CHAI?
Jinsi makongamano ya wanasayansi yanavyoandaliwa na kugharimiwa

Na Mweka Hazina wa Chama, Kidato cha Tatu

Mwaka jana wanachama wa Chama cha Kiswahili tulikata shauri kuwaalika wenzetu wa shule tatu jirani kwa kongamano la siku moja. Tulichagua mada, tukachagua mgeni wa heshima, kisha tukabishana nusu saa nzima kuhusu rangi ya kadi za mwaliko. Ndipo mlezi wetu, aliyekuwa ameketi nyuma ya darasa akisahihisha madaftari, akainua kichwa na kuuliza, "Na chai, italipwa na nani?"

Kimya kikatanda kama makaburini. Mimi mweka hazina nilikuwa na shilingi 480 ndani ya bahasha. Wageni waliotarajiwa walikuwa 120. Hesabu yake ni shilingi nne kwa kila mgeni, na andazi moja halipatikani kwa bei hiyo!

Kongamano letu lilifanyika hatimaye, na nitawaeleza lilivyofanyika. Lakini swali lile lilinikaa kichwani. Wale wanasayansi tunaowasikia redioni, eti wamekutana Nairobi, Durban au Geneva kujadili malaria na UKIMWI, chai yao hulipwa na nani? Nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia, nikachimbua maktaba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, wanakutana kufanya nini?

Wako wanaodhani kongamano ni watu wa suti kwenda kula kuku hotelini. La hasha! (Ingawa kuku naye huliwa.) Mtafiti anaweza kukaa miaka mitatu maabarani akihangaika na mbu au kijidudu kimoja. Akisubiri matokeo yake yachapishwe katika jarida, miezi mingi hupita. Kongamanoni huyasema mbele ya watu wanaoijua kazi hiyo kama yeye, nao humkosoa papo hapo. Huenda akagundua kwamba mwenzake wa nchi nyingine alishajaribu njia ileile ikamshinda. Kumbe ameokoa miaka miwili na pesa za watu!

Mikutano mingine huamua mambo makubwa. Mnamo Februari 1996, wataalamu waliokuwa wakisoma DNA ya binadamu walikutana kisiwani Bermuda kwa ufadhili wa shirika la Wellcome Trust la Uingereza. Walikubaliana kwamba kila kipande kirefu watakachokisoma kitolewe hadharani bila malipo, ikiwezekana katika muda wa saa 24. Kwa makubaliano hayo, mwanafunzi wa chuo chochote duniani aliweza kuzitumia habari hizo pasipo kumlipa mtu. Mkutano huo ulikuwa wa watu wachache tu, lakini matunda yake yanaliwa hadi leo.

Hatua za maandalizi

Kongamano kubwa la kimataifa huanza kupangwa miaka miwili au zaidi kabla ya siku yenyewe. Huundwa kamati mbili, na ni muhimu ziwe mbili. Kuna kamati andalizi, ambayo kazi yake ni ukumbi, malazi, chakula, usafiri na fedha. Kisha kuna kamati ya kisayansi, ambayo huamua nani atazungumza na juu ya nini. Kwa nini zitenganishwe? Subiri kidogo, utaona.

Kamati ya kisayansi hutoa mwito kwa watafiti walete ikisiri, yaani maelezo mafupi ya utafiti, aghalabu maneno 250 au 300. Zikiwasili, wataalamu huzisoma na kuzipa alama, mfano wa mwalimu asahihishavyo insha. Zilizo bora zaidi hupewa nafasi ya kusomwa jukwaani, pengine kwa dakika 15. Nyingi huonyeshwa kwa mabango: mtafiti hubandika karatasi kubwa yenye michoro na takwimu, akasimama kando yake akijibu maswali. Wale waliowahi kushiriki kongamano la sayansi la shule wanaijua hali hiyo, unavyosimama kando ya kazi yako huku jasho likikutoka, mwamuzi akija na kalamu yake. Basi, hata maprofesa husimama hivyohivyo!

Wakati huohuo kamati andalizi inahangaika. Je, tarehe hizo haziangukii sikukuu? Ukumbi una jenereta umeme ukipotea? Wageni watapata viza? Wanaotoka Senegali na Kameruni wanazungumza Kifaransa, je, wakalimani wapo? Na ratiba ya chai ina muda wa kutosha? Usicheke. Wanasayansi wengi hukiri kwamba yale ya maana zaidi waliyasikia wakiwa na kikombe mkononi. Wakati wa korona, kuanzia mwaka 2020, makongamano mengi yalifanyiwa mtandaoni. Gharama zilipungua, na waliokosa nauli wakashiriki, lakini mazungumzo ya kikombe mkononi hayakuwepo, na ambaye intaneti yake ni ya kusuasua aliambulia nusu ya maneno.

Mkono mtupu haulambwi

Sasa tuje kwenye fedha, uwanja wangu mimi mweka hazina. Hebu tubuni kongamano dogo la watu 200 kwa siku tatu hapa Kenya. Tarakimu hizi ni za mfano tu, ili tuone hesabu inavyokwenda:

Ukumbi na vyombo vyake: sh. 900,000
Nauli na malazi ya wazungumzaji 10 walioalikwa: sh. 1,500,000
Chakula na chai, watu 200, sh. 3,000 kwa siku: sh. 1,800,000
Wakalimani: sh. 300,000
Kuchapisha ratiba na ikisiri: sh. 200,000
Nauli na malazi ya wanafunzi 20 wa utafiti: sh. 800,000
JUMLA: sh. 5,500,000

Waalikwa 10 na wanafunzi 20 hawalipi kitu. Wamebaki walipaji 170. Tukiwagawia gharama yote, kila mmoja atatoa zaidi ya shilingi 32,000, na hapo hajalipa nauli yake wala kitanda cha kulalia. Profesa kutoka Marekani atalipiwa na chuo chake. Lakini je, yule kijana anayepima damu katika hospitali ya wilaya, ambaye ndiye anayewaona wagonjwa kila siku? Tukiamua kila mtu alipe sh. 10,000, tutakusanya sh. 1,700,000 pekee. Pengo ni sh. 3,800,000. Nani atalipa chai?

Pengo hilo huzibwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni serikali na mashirika ya umma ya utafiti. Ya pili ni mashirika ya hisani, kama hilo la Wellcome Trust, lililoanzishwa mwaka 1936 kwa wasia wa Henry Wellcome, tajiri wa dawa. Ya tatu ni makampuni: watengenezaji wa dawa, wa vifaa vya maabara, wa neti. Hawa hukodi meza ukumbini ili waonyeshe bidhaa zao.

Zaidi ya hayo, ada yenyewe hupangwa kwa ngazi. Mwanafunzi hulipa kidogo, na mara nyingi wa nchi maskini hulipa pungufu ya wa nchi tajiri. Anayejisajili mapema hupunguziwa kwa sababu kamati huhitaji fedha taslimu mapema. Mwenye ukumbi hutaka malipo ya kwanza hata kabla mgeni mmoja hajafika, na wasipofika, pesa hizo hazirudi.

Mfadhili naye ana lake

Hapa ndipo penye mtihani. Katika kongamano letu la shule, mwenye duka mmoja wa sokoni alijitolea kutupa mikate yote. Tulipiga makofi! Kisha akataka mambo mawili: tutundike bango lake, na yeye ahutubie kwa dakika 20 asubuhi kabla ya mgeni wa heshima. Wengine tulikuwa tayari kukubali (nakiri mimi nilikuwa mmojawapo, bahasha yangu ilikuwa nyepesi). Mwenyekiti wetu akakataa. Alimwambia, "Mzee, bango tutatundika, na meza tutakupa karibu na mlango. Lakini ratiba ni ya mada." Yule mzee alinuna kidogo, akacheka, akaleta mikate.

Mambo ni hayohayo kwa wakubwa. Kampuni ya dawa ikilipia chakula kisha ikachagua nani azungumze kuhusu dawa hiyo, msikilizaji atajuaje kama anaambiwa ukweli au anauziwa? Ndiyo maana kamati ni mbili. Wanaoomba fedha hawapangi wazungumzaji, na wanaopanga wazungumzaji hawashiki hundi. Tena katika makongamano mengi ya tiba, mzungumzaji hutakiwa aseme mwanzoni ni nani aliyeugharimia utafiti wake. Dawa yaweza kuwa nzuri kweli, lakini wasikilizaji wana haki ya kujua.

Asiyekuwapo na lake halipo

Jambo lililonigusa zaidi ni hili: anayelipa chai na mahali inaponywewa huamua nani ataketi mezani.

Tazama kongamano la kimataifa la UKIMWI. La mwaka 1992 lilikuwa lifanyike Boston, Marekani. Lakini sheria ya nchi hiyo wakati ule iliwazuia wageni wenye virusi vya UKIMWI kuingia. Yaani kuwajadili wagonjwa huku wenyewe wamefungiwa nje! Waandalizi wakalihamishia Amsterdam, Uholanzi. Halikurudi Marekani hadi mwaka 2012, baada ya kizuizi hicho kuondolewa. Mwaka 2000 lilifika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Durban, na mtoto wa miaka 11 aliyekuwa na virusi hivyo, Nkosi Johnson, akasimama kuhutubia ufunguzi. Hata hivyo tatizo halijaisha. Kongamano la mwaka 2022 lilipofanyika Montréal, Kanada, wajumbe wengi kutoka Afrika walikosa viza, na viti vyao vikabaki vitupu.

Sasa angalia malaria. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 ugonjwa huu uliwaua watu wapatao 597,000, na kati ya kila 100 waliokufa, 95 walikuwa wa Afrika. Mikutano kuhusu ugonjwa huu ingefaa kufanyiwa wapi? Mnamo Januari 1997 watafiti wa Afrika na wafadhili walikutana Dakar, Senegali, na hapo ukazaliwa mpango wa kimataifa wa utafiti wa malaria uitwao MIM kwa kifupi. Tangu hapo makongamano yake makuu yamefanyiwa barani kwetu: Durban 1999, Arusha 2002, Yaoundé 2005, Nairobi 2009, Durban tena 2013, Dakar 2018 na Kigali 2024. Ofisi yake ilianzia London, ikapitia Marekani na Uswidi, kisha ikahamia Afrika, kwanza Dar es Salaam na baadaye Yaoundé.

Lile la Nairobi lilifanyika Novemba 2009. Hapo watafiti walitangaza kwamba jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S lilikuwa likiendelea katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Fikiria: muuguzi wa Siaya au mtafiti wa Kilifi aliyewadunga watoto hao sindano kwa mikono yake aliweza kupanda basi asubuhi na kufika Nairobi kusikiliza, kuuliza na kusahihisha. Ingekuwa ng'ambo, angeanza na foleni ya viza. Mwaka 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa majaribio katika kliniki za Ghana, Malawi na hapa Kenya, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi. Sisemi kongamano ndilo lililoleta chanjo, maana kazi hiyo ilichukua miongo kadhaa. Nasema waliokuwa wakiifanya walipata mahali pa kuketi pamoja, nyumbani.

Tamati

Na letu je? Chai ilipatikana haba na haba. Shule moja ilileta sukari, nyingine majani ya chai, sisi tukatoa maziwa ya ng'ombe wa shule, na mikate ya yule mzee wa sokoni mnaijua habari yake.

Lakini siku nne kabla ya kongamano, shule ya tatu ilituma ujumbe kwamba haitakuja kwa kukosa nauli. Mada yetu ilikuwa upungufu wa vitabu vya fasihi, nayo ndiyo shule yenye vitabu vichache kuliko zote! Tulikuwa tayari kuijadili shida yao bila wao. Basi tukafuta kadi za rangi tulizozibishania, tukaandika mialiko kwa mkono, na pesa za uchapishaji zikalipa matatu yao. Msichana mmoja wa shule hiyo ndiye aliyetuonyesha jinsi wanavyosoma riwaya moja wanafunzi wanane: huikata sura kwa sura wakabadilishana, kisha huishona tena. Hakuna mwingine mle ukumbini ambaye angeweza kutueleza hayo.

Wanafunzi wenzangu, miongoni mwetu wamo watakaokuwa madaktari na watafiti. Siku moja mtakuwa kwenye kamati andalizi, na mbele yenu patakuwa na bajeti isiyotosha. Kateni rangi ya kadi, kateni mifuko ya zawadi, hata kuku mkate. Nauli ya yule mwenye shida yenyewe msiikate.